Gauni Lililopanda Nyuma

Wavinya alikuwa fundi wa nguo za watoto katika soko la Mutomo, na hakuna kitu kilichomkera kama mtu kumwambia kwamba mtoto fulani ana mwili mgumu kushonea. Hakuna mtoto mwenye mwili mgumu, angejibu huku pini zimejaa midomoni, kuna fundi mvivu tu. Shingo ya gauni ikifunguka mbele, bana mabegani. Tumbo likiinua pindo, na nionyeshe mtoto asiye na tumbo, ongeza urefu wa mbele peke yake, nyuma usiguse. Kwapa likibana, usikimbilie kulichimba, yaani kulikata chini zaidi, maana ukichimba sana mkono ndio hauinuki kabisa, na mtoto asiyeweza kuinua mkono kanisani ataimbaje? Ukimsikiliza ungedhani watoto wa Mutomo waliumbwa na Mungu, kisha wakaletwa kwa Wavinya wamaliziwe. Yeye mwenyewe hakuwa mbali na kuamini hivyo.

Mwaka huo kanisa lao lilitaka wasichana wote wa Sunday school wavae sare kwa Jumapili ya watoto: gauni la manjano, kola nyeupe, zipu nyuma. Karatasi ya kukatia, ile mafundi huiita pateni, ilitoka Nairobi, imechorwa saizi kulingana na umri. Wavinya aliinakili kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nusu nusu kama fundi yeyote afanyavyo. Karatasi ni nusu ya mwili. Kitambaa unakikunja mara mbili, unaweka karatasi kwenye mkunjo, unakata, na ukikunjua unapata mwili wote. Akakata magauni ya mtaa mzima. Huyu akapunguziwa mabega, yule akaongezwa kiuno, wasichana wakazunguka mbele ya kioo wakijipenda. Kisha ikafika zamu ya binti yake mwenyewe.

Binti huyu aliitwa Kanyiva, na alikuwa wa pili. Wa kwanza, Mumbua, alipewa jina la mama yake Nyamai, mume wa Wavinya, kama desturi inavyotaka, na sasa alikuwa shule ya bweni huko Makueni. Kanyiva naye alipewa jina la mama yake Wavinya, aliyefariki muda mfupi kabla mtoto hajazaliwa. Na kwa Wakamba jina si la kuitia mtu tu. Anayelipokea hukaa mahali pa mwenyewe. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza Wavinya alimwita mtoto wake mwaitu, yaani mama yangu, na Syokau, mdogo wa marehemu huyo, akamwita dada. Wazee wa ukoo walimsalimia kwa mikono miwili, wakamuuliza mbona siku hizi hawapelekei maziwa, na watu wakacheka. Ulikuwa mchezo mtamu, na nyumba nyingi zinaucheza. Wavinya aliucheza kwa moyo wake wote, kwa kuwa alimpenda mama yake kupita kiasi.

Kwa mbele, gauni lilimkaa Kanyiva vizuri. Kwa nyuma lilipanda. Pindo lililofika chini ya magoti upande wa mbele lilikuwa limekimbilia mapajani upande wa nyuma, na kola ilimvuta kooni kama kuna mtu aliyesimama nyuma yake akiishika.

"Simama wima, mwaitu," Wavinya akasema.

"Nimesimama," Kanyiva akajibu.

Na kweli alikuwa amesimama. Wavinya akamvua gauni, akarudi kwenye karatasi, akaikata mkato mmoja wa kulala katikati ya mgongo, akaifungua kidogo, akabandika kipande cha karatasi kwenye ule mwanya ili mgongo upate urefu zaidi. Alifanya haya yote haraka bila kufikiri. Ndipo akashtuka, mkasi ukiwa bado mkononi. Karatasi ya mtoto haifunguliwi hivyo. Hivyo hufunguliwa karatasi ya mwanamke mzee. Mtu wa mwisho ambaye Wavinya alimfungulia karatasi namna hii alikuwa mama yake, aliyepandisha maji kutoka mto wa mchanga maisha yake yote, kamba ya ngozi imepita kwenye paji la uso na mtungi umelala mgongoni, mpaka mgongo ukakubali kubaki umeinama hata siku ambazo hakuna mzigo.

Kanyiva hakuwahi kubeba maji. Kwao yaliletwa na punda.

Hapa ndipo Wavinya alipokosea, na hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa furaha. Mtu mwingine angeuliza mtoto mdogo anapataje mgongo wa bibi. Yeye alishika ile karatasi kwa mikono miwili, macho yakamjaa machozi, akamwambia Mungu asante.

Mama yake mdogo, Syokau, alipopita alasiri akaona gauni jipya na mgongo uliokuwa ndani yake, alipiga kigelegele hadi muuza nyanya wa upande wa pili akaja kuangalia.

"Ni yeye! Si nilikuambia? Angalia tu vile amesimama." Akamshika mtoto mabega. "Mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu! Dada yangu, umerudi mzima mzima!"

Syokau alikuwa mtu wa vituko, na hapo ndipo kituko kingine kilimjia kichwani. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akatoa kikopo chake cha ugoro, akakifungua. "Dada, hii unaikumbuka?"

Wavinya alikuwa anafungua mdomo kumkataza. Kanyiva alichota kwa vidole viwili, akavuta kwa pua ya kushoto, akavuta kwa pua ya kulia, akapangusa vidole kwenye pindo la gauni. Hakupiga chafya. Hata macho hayakulowa. Alimsukumia Syokau kikopo chake na kumtazama kwa subira, kama mtu anayengoja mwenzake amalize upuuzi. Syokau aliendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akaacha, akaweka kikopo chake mahali pake na kusema mbuzi wake hawana mtu wa kuwaangalia.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika nyumbani, polepole, kama chumvi inavyoisha kwenye kopo. Kanyiva aliacha kuruka kamba na wenzake. Walipomwita alisema miguu imechoka. Alikaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele, na kila alipoinuka aliweka kiganja kwenye kiuno kwanza. Mara nyingi Wavinya alimkuta akisugua paji la uso kwa kidole gumba, mahali pale pale ambapo kamba ya maji ilikuwa imemwachia mama yake kibonde. Hakuna aliyemwonyesha kibonde hicho. Picha pekee ya marehemu ilipigwa akiwa na kitambaa kichwani.

Halafu siku moja, jua la mchana likiwa limenyamazisha hata kuku, sauti ilitoka jikoni.

"Wavinya, hii maharagwe umeweka chumvi?"

"Nimeweka, mwaitu," akajibu akiwa sebuleni.

Alikuwa ameshamaliza kujibu ndipo akajiuliza aliyeuliza ni nani. Kanyiva alikuwa anamwita mama, kama watoto wote. Mchezo wa jina una mipaka yake, na mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina kavu. Wavinya alienda mpaka mlango wa jikoni. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, akitazama sufuria. Mdomo wake ulikuwa ukitafuna taratibu, na hakuwa na kitu mdomoni.

Aliogopa, usidhani hakuogopa. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya ule woga, kitu kitamu, nacho ndicho kilichoshinda. Miaka yote hiyo alikuwa hajasikia mtu akimuuliza habari za chumvi namna ile. Alirudi sebuleni, akakaa, akatamani aulizwe tena.

Gauni la manjano lilipojaribiwa mara ya pili, lilikuwa limepanda nyuma tena. Wavinya alifumua mshono kwa wembe, akafungua karatasi zaidi, akaongeza kipande juu ya kipande. Likakaa sawa. Baada ya majuma machache likapanda. Safari hii alitoa sandukuni gauni la zamani la mama yake, lile la kitenge alilomshonea mwenyewe, akalilaza mezani na kuweka karatasi ya mtoto juu yake. Moja kubwa, nyingine ndogo, lakini kile kilima cha mgongo kilipanda na kushuka sawasawa. Aliweka shavu kwenye kitenge na kukaa hivyo muda mrefu. Jioni alimpiga picha Kanyiva akiwa amevaa gauni, akaituma kwa Nyamai aliyekuwa akiuza matunda kule Malili kando ya barabara kuu. Nyamai akajibu kwamba binti yake ametoka kama malkia. Picha ilipigwa kwa mbele.

Aliyelisema jambo lenyewe alikuwa Bushra. Bushra aliuza vitambaa kibanda cha pili kutoka kwa Wavinya. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka pwani, na yeye alizaliwa hapa hapa, akajua Kikamba na umbea wa soko kuliko wenyewe. Siku hiyo pini zilimwagika, Kanyiva akainama kuziokota, na Bushra aliyekuwa amemletea Wavinya uzi alikuwa amesimama nyuma ya mtoto.

"Dada," akasema baada ya mtoto kutoka nje, "huyu Kanyiva bega lake moja limetoka. Hujaona?"

"Ni mgongo wa mama yangu. Anamfuata mwenye jina."

"Mimi mama yako nilimjua, Mungu amrehemu. Nasema upande mmoja, Wavinya. Mmoja. Akiinama mfupa unatokeza huku kulia kama kisigino. Mtoto anahitaji daktari."

"Haya ni mambo ya kwetu, Bushra, wewe huwezi kuyaelewa."

Bushra alimwangalia. Hawakuwa wamewahi kuambiana maneno kama hayo, na walikuwa wamekula pamoja Idi na Krismasi tangu wakiwa wasichana. "Sawa," akasema. "Lakini wewe ni fundi. Mbona nguo za huyu mtoto bado unakata kwa nusu? Zikunjue umpime upande upande, halafu uniambie ni mambo ya nani."

Akaweka uzi mezani, akaenda zake. Wavinya alikasirika kiasi cha kuvunja sindano mbili. Alikasirika kwa sababu Bushra alikuwa amegusa kazi, na kwenye kazi hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia neno. Ukikata kwa nusu, unaamini kwamba kushoto na kulia ni kitu kimoja. Unaamini tu. Karatasi haikuonyeshi.

Kesho yake mchana, soko likiwa limelala kwa joto, aliegesha mlango wa kibanda, akamwita mtoto, akamwambia avue fulana. Alichukua kipande kipana cha marekani, kitambaa cheupe cha kujaribia, hakukikunja. Alishika chaki akaanza kuweka alama kwenye uti wa mgongo wa mtoto, pingili baada ya pingili, kuanzia shingoni akishuka. Kwa kawaida alama hizi hupanga mstari. Hizi zilishuka kidogo, zikaondoka kwenda kulia, zikapinda kama njia ya mbuzi, zikarudi kiunoni. Bega la kulia lilikuwa limesukumwa nje na mbavu zake. Bega la kushoto lilikuwa limelala. Alibana marekani upande mmoja, akabana upande wa pili, akaivua na kuilaza mezani, akaikunja katikati. Pande mbili zilikataa kulingana. Moja ilimeza nyingine.

Alivuta kigoda akakaa.

Mgongo wa mama yake ulikuwa umeinama sawa pande zote. Aliujua kwa mikono, alikuwa ameushonea miaka. Kamba ya maji hukaa katikati ya paji la uso, humvuta mtu mbele, haimpindi upande. Huu haukuwa mgongo wa mama yake. Ulikuwa mgongo wa mtoto wake. Mtoto wake alikuwa anapinda mbele ya macho yake, na yeye kila alipoona amepinda alimshonea gauni la kumficha.

"Umeona sasa," Kanyiva akasema.

Alikuwa bado amempa mgongo, alama za chaki zikionekana nyeupe kwenye ngozi. Hakugeuka.

"Usinipeleke kwa misheni, Wavinya. Nikilala kwa kile kitanda cha chuma sitaamka."

Chaki ilimponyoka. Maneno hayo, neno kwa neno, yalikuwa yamesemwa na mama yake kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wavinya, wakiwa wawili tu chumbani. Wavinya alitii, kwa sababu mama akishasema amesema, na mama akafia pale pale nyumbani wiki hiyo hiyo. Hakuwahi kumwambia mtu. Nyamai hakujua, Syokau hakujua. Mtoto alikuwa bado tumboni.

"Nani amekuambia hivyo?" akauliza.

Kanyiva aliinua mabega, moja likapanda kuliko jingine, akavaa fulana yake. "Nina njaa," akasema. Ilikuwa sauti ya kitoto kabisa.

Jioni Wavinya alipomweleza Syokau maneno aliyoyasikia kwa mtoto, na kwamba hata hivyo atampeleka hospitali asubuhi, Syokau alisimama mlangoni kama anayezuia ng'ombe.

"Hutampeleka. Alisema hataki, na wewe umesema umemsikia kwa masikio yako."

"Mama mdogo, mtoto ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa wa nini? Ni mzee! Dada yangu alikuwa hivyo na akaishi." Kisha sauti yake ikashuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Sikiliza, mwanangu. Ametoka mbali kuja kukaa na wewe. Ukimvuta kwa nguvu mahali alisema haendi, unamfukuza. Na akienda saa hii harudi tena kwa mtu. Si kwako, si kwangu. Uko tayari?"

Wavinya hakuwa tayari. Aliangalia ndani. Kanyiva alikuwa amekaa mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, akiwasikiliza wote wawili kwa uso usio na umri. Kama angesema ndiyo, ampeleke, angempoteza mama. Kama angesema hapana, angebaki na mama, na mtoto angeendelea kupinda mpaka siku ambayo hakuna karatasi ingefunguka vya kutosha. Alipolala aliota anakata kitambaa ambacho hakina mwisho, na alipoamka alikuwa ameshaamua, ingawa moyo ulikuwa unamuuma kama jino.

Asubuhi Kanyiva hakutaka kuinuka. Alishika ukingo wa kitanda.

"Nimesema siendi, Wavinya."

"Amka tuende, mwa..." Akajizuia. Miaka yote hii hakuwa amewahi kulitamka jina la mtoto huyu mbele yake. Hakuna mtu anayemwita mama yake kwa jina, ni utovu wa adabu ambao hata mlevi hathubutu. Ulimi ulikuwa mzito. "Kanyiva," akasema. "Kanyiva binti Nyamai. Amka uvae viatu."

Mtoto alimtazama kwa macho makavu, na Wavinya akaona, au alidhani ameona, kitu kikiumia ndani ya macho yale. Vidole viliachia ukingo kimoja kimoja. Syokau alikuwa uani, amejifunga leso kichwani kama mtu wa matanga. Walipompita alimtazama mtoto tu, akafunika mdomo kwa mkono.

Hospitali ya misheni haikuwa mbali. Kulikuwa na benchi, akina mama na vichanga, harufu ya dawa ya sakafu. Mtu anayesajili aliuliza jina la mtoto, kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na wewe ni nani wake?"

Swali la kila siku hilo. Wavinya alichelewa kulijibu hata yule mtu akainua kichwa.

"Mama yake," akasema.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka ya heshima. Alimwambia Kanyiva ainame aguse vidole vya miguu, akapitisha kiganja mgongoni.

"Mgongo unapinda. Inatokea kwa watoto, si kosa la mtu," akasema. "Nani aligundua?"

"Gauni," Wavinya akasema, na daktari akadhani amesikia vibaya.

"Basi imesaidia. Ukingoja zaidi, mbavu zinaanza kubana mapafu. Tupige picha kwanza, halafu nitakuandikia muende kwa wale wanatengeneza mikanda ya mgongo. Kupona kabisa siwezi kukuahidi. Lakini tunaweza kuizuia isiendelee."

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa ujia, hakina dirisha, na kitanda chake kilikuwa cha chuma. Wavinya alikiona, akasita. Kanyiva alikiona pia. Hakulia wala hakupigana. Alipanda mwenyewe, akalala chali taratibu, akapanga mikono kifuani mmoja juu ya mwingine, akafumba macho. Wavinya alikuwa amewahi kuipanga mikono namna ile, ya mtu mwingine, kabla ya jeneza kufungwa. Kijana wa mashine aliikunjua mikono ya mtoto akailaza ubavuni, akamwambia mama angoje nje ya mlango. Mlango ulikuwa mzito. Ukafungwa.

Ujia ulikuwa mtupu. Hata vichanga vya kule kwenye benchi vilikuwa vimenyamaza. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya kioo chake kidogo pembeni, akibonyeza vitufe.

"Wavinya."

Ilitoka ndani, chini ya mlango. Haikuwa sauti ya mtoto hata kidogo. Ilikuwa na kile kikwaruzo cha ugoro, na ule uchovu wa mtu aliyetua mzigo mbali na nyumbani. Wavinya alimgeukia kijana. Kijana aliendelea na vitufe vyake, hakuwa amesikia kitu.

"Wavinya. Umenichoka?"

Aliweka paji la uso kwenye mlango. Angeweza kusema la. Alikuwa na la mdomoni, tayari, tamu, na alijua kwamba angesema la, sauti ile ingebaki naye nyumbani, ingemuuliza habari za chumvi mpaka siku zake ziishe. Alijua pia ingekaa katika mgongo wa nani.

"Ndiyo, mwaitu," akasema. "Nimekuchoka. Nenda. Huyu niachie."

Alingoja laana. Alifumba macho, akaingoja kama mtoto anayengoja kofi. Mashine ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Hakuna aliyejibu. Kimya kilichotoka chini ya mlango kilikuwa kimya cha chumba tu, hakikuwa na mtu ndani yake, na hapo akaelewa kwamba ametiiwa.

Kisha kilio kikapasuka. Kikali, cha kamasi, cha mtoto aliyeamka mahali asipopajua juu ya chuma baridi.

"Mama! Mama! Uko wapi? Mama!"

Siku ya mazishi Wavinya alikuwa na mimba kubwa, na wanawake walimkataza kulia. Walimwambia unayetaka kumlilia umembeba, na yeye akaamini, akameza machozi yote. Sasa yalimjia hapo kwenye ujia wa hospitali, mwili ukitikisika, mikono miwili mlangoni. Mama yake alikuwa amekufa. Amekufa kweli.

"Mama!"

"Niko hapa," Wavinya aliitikia, akimlilia mama yake. "Niko hapa, mwanangu. Ni mimi."